Mshika Usukani wa Makontena ya Kompyuta

Mtu aliye ughaibuni anapotuma fedha nyumbani usiku wa manane kwa njia ya intaneti, huenda asihudumiwe na kompyuta moja. Siku hizi programu nyingi za aina hiyo hugawanywa vipande, kila kipande kikafungwa pamoja na mahitaji yake ndani ya kile ambacho wataalamu hukiita kontena. Makontena hayo hutawanywa katika seva nyingi zinazofanya kazi kama kundi moja.

Kuyasimamia kwa mkono ni muhali. Ndipo ilipozuka Kubernetes, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2014. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na limesadifu. Mhandisi hutamka tu hali anayoitaka, tuseme nakala 5 za programu yake. Moja ikifa, nyingine huwashwa mahali pake. Toleo jipya likija, nakala kongwe huondolewa chache chache huku mpya zikiingia, ili huduma isisimame.

Mtihani uko katika uangalizi. Kubernetes huagizwa kubisha hodi kwa kila kontena, na hodi hizo si za namna moja. Ipo inayouliza: u hai? Ipo inayouliza: u tayari kupokea wateja? Kontena lisiloitikia hodi ya utayari huachwa lipumue, wateja wakaelekezwa kwingine. Lisiloitikia hodi ya uhai mara 3 mfululizo, kwa kawaida kila baada ya sekunde 10, huuawa na kuwashwa upya.

Wako wanaozichanganya. Huifanya hodi ya uhai itegemee hifadhidata, jambo linaloonekana kuwa la busara hadi siku hifadhidata inapoelemewa. Hapo makontena yote huhesabiwa maiti, huuawa kwa mkupuo, na yakiamka huirukia hifadhidata ile ile iliyokwisha kuchoka. Uzito wa dakika moja hugeuka kuwa huduma iliyokatika, na fedha za matibabu ya mzazi hazifiki.

Tena kuna maradhi ya kimya. Kontena linaloanguka na kufufuliwa kila mara laweza lisimsumbue mteja yeyote kwa wiki nzima. Kwa hiyo wahandisi wengi hutumia Prometheus, programu iliyoanzia mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud mjini Berlin, ambayo hukusanya vipimo vya kumbukumbu iliyotumika, muda wa kujibu na idadi ya ufufuo. Idadi hiyo ikianza kupanda, kengele hulia kabla wateja hawajaanza kupiga simu.