Waziri Aliyepita Kongwa

Wasikilizaji wa Kigoma na Ujiji, treni itokayo Dar es Salaam kuja kwetu hupita Dodoma, mkoa wenye Kongwa. Huko, mwaka 1964, Tanzania iliwapa kambi wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Joe Modise, dereva wa lori wa Johannesburg, alipita hapo, akawa kamanda wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC. Mwaka 1994 Rais Mandela alimteua kuwa Waziri wa Ulinzi wa Afrika Kusini, akayaunganisha majeshi yaliyokuwa yakiwindana, la ukombozi na la serikali ya ubaguzi. Kazi hiyo naiheshimu sana, ingawa mpango wa kununua silaha ulioanza wakati wake uliandamwa na tuhuma za rushwa. Kama Kongwa ilivyowapokea wapiganaji hao, sisi tunaowahifadhi Wakongomani katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996 tuna haki ya kudai habari za Kongwa zifundishwe shuleni, kambini na vijijini.