Malkia Leonor wa Kongo



Akina mama wa vijiji vya Mutshatsha na vya Lubudi hutuuliza mara nyingi neno hili: "Mume wangu alibatizwa pamoja nami, naye sasa ametwaa mke wa pili. Je, ubatizo wangu umeharibika?" Jibu ni fupi: haukuharibika. Lakini jibu fupi halimtulizi mke aliyesahauliwa katika nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo leo tusikie habari za malkia mmoja Mwafrika, aliyepatwa na jambo lilo hilo zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Ninyi Walunda mwamjua Ruwej, aliyempa mumewe Chibinda Ilunga bangili ya ufalme, ile lukano. Basi hamtashangaa kusikia ya kuwa ufalme waweza kupita mkononi mwa mwanamke. Malkia wetu wa leo hakuwa wa Musumba. Alikuwa wa Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Kongo, ambao leo umo kaskazini ya Angola. Msidhani ni jirani ya Dilolo. Ni mbali sana, upande wa bahari.

Mwaka 1491 mapadri waliotoka Ureno walifika katika mji huo. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa tarehe 3 Mei, akaitwa João, jina la mfalme wa Ureno. Mke wake mkuu akangoja mwezi mmoja. Tarehe 4 Juni naye akabatizwa, akapewa jina la malkia wa Ureno, Leonor. Mwana wao Mvemba a Nzinga akaitwa Afonso. Kanisa la mawe likajengwa mwaka ule ule.

Haikupita miaka mingi, mfalme akapoa. Sababu moja kubwa ilikuwa amri ya mke mmoja. Tusimhukumu upesi kana kwamba alikuwa mtu wa tamaa tu. Kila mke wa mfalme alikuwa binti wa ukoo fulani, na kwa mke yule ukoo wake ulifungamana na kiti cha enzi. Kumrudisha mke kwao ni kuurudisha ukoo mzima. Na wake walioambiwa waondoke, wao walikosa nini? Majina yao hayakuandikwa. Katekista afundishaye amri hii bila kuwafikiri wanawake hao amefundisha nusu.

Mfalme, basi, akazirudia desturi za zamani. Afonso alikuwa mbali, katika jimbo la Nsundi alilolitawala, naye akaishika imani huko. Leonor alibaki mjini. Iangalieni vema hali yake. Hakuwa na amri ya kumrudisha mumewe kanisani. Nani amwamuru mfalme? Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, afundisha ya kuwa mke mwenye kuamini asimwache mume asiyeamini, iwapo mume akubali kukaa naye. Leonor hakumwacha mume, wala hakuiacha imani. Kuyashika yote mawili ni kazi nzito kuliko kushika moja.

Mfalme akafa katika miaka ya kwanza ya karne ya 16. Katika nchi ile kiti cha ufalme hakikurithiwa kama shamba. Wakuu ndio waliomchagua mfalme. Mwana mwingine, Mpanzu a Kitima, aliukataa ubatizo, naye alikuwa na watu wengi. Leonor akaificha habari ya kifo, akampelekea mwanawe ujumbe kwa siri, mpaka Afonso akafika mjini kabla wapinzani hawajajipanga. Mpanzu akaja na jeshi, akashindwa. Afonso aliandika baadaye ya kuwa watu wake, wakiwa wachache, walimwita Mtakatifu Yakobo katika vita hivyo.

Mtauliza: je, malkia alivunja amri ya nane? Kunyamaza si kusema uongo. Hata kwetu kifo cha mfalme hakitangazwi sokoni siku ile ile.

Afonso alitawala hata miaka ya 1540. Alijenga makanisa na kufungua shule. Tusifiche pia ya kuwa merikebu zilizoleta mapadri zilileta na wanunuzi wa watumwa. Mwaka 1526 Afonso mwenyewe alimlalamikia mfalme wa Ureno kwa barua.

Sasa wewe mama uliyeuliza. Kosa la mume wako si dhambi yako. Ukiwa katika neema ya Mungu, waweza kupokea Komunyo Takatifu, hata ikiwa yeye hawezi. Usione haya kupita mbele ya watu. Nenda kwa padri ukamweleze habari zote, wala usingoje mume akupe ruhusa ya kusali. Watoto wako wapeleke katekismu pamoja nawe.

Mjukuu wa Leonor, Henrique mwana wa Afonso, alisoma Ureno akawa padri. Mwaka 1518 Papa Leo X alimchagua kuwa askofu wa Utica, naye akarudi kufanya kazi katika nchi ya baba yake. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasikia habari za askofu huyo.