KAOLE NI SHULE YETU

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bagamoyo



Mtu akirudi kutoka Agra, Bara Hindi, hutusimulia usiku kucha habari za Taj Mahal, kaburi ambalo mfalme Shah Jahan alianza kumjengea mkewe mwaka 1632. Asifu, ni haki yake. Lakini muulizeni: Je, Kaole umefika? Ni kama mwendo wa saa moja tu kwa miguu kutoka hapa.

Msikiti wa kale wa Kaole wakisiwa kuwa wa karne ya 13, zaidi ya miaka 300 kabla ya kaburi lile. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Makaburi yake yana nguzo, na nguzoni wazee walipachika bakuli za Kichina, maana biashara ya bahari waliijua. Wajerumani, waliofanya Bagamoyo makao makuu yao hata 1891, waliyakuta makaburi hayo yamekwisha zeeka.

Basi asitokee mtu kutuambia kuwa historia yetu ilianza na bendera ya mgeni. Nasi tusichukue jiwe la Kaole kujengea jiko. Jumapili tuwapeleke watoto, wakajionee wenyewe.