Jina Moja, Tahajia Nne: Maandalizi ya Hati za Viza ya Mwenzi wa Ndoa kwa Wanandoa Waishio Nje

Ndugu Mwenyekiti, maofisa usajili, mashehe na wachungaji mnaofungisha ndoa, ndugu zangu wasaidizi wa kisheria.

Nimeombwa nieleze maandalizi ya hati za viza ya mwenzi wa ndoa ya Uingereza, hasa kwa wanandoa ambao wote wawili wanaishi nje ya nchi hiyo. Naanza na tahadhari: sizungumzi kwa niaba ya ubalozi wala idara yoyote, na kanuni hizi hubadilika. Kila mwombaji azisome upya siku anapojaza fomu.

Maana na masharti

Mdhamini ni raia wa Uingereza au mwenye ukaazi wa kudumu huko. Mwombaji ni mume au mke wake. Viza ya kwanza ni ya miezi 33, huongezwa miezi 30, na baada ya miaka 5 mtu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Yanatakiwa haya: ndoa halali na ya kweli, makazi, Kiingereza cha ngazi ya A1, cheti cha kupimwa kifua kikuu kwa wanaoishi nchi zilizoorodheshwa, Tanzania ikiwemo, na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 18,600. Mdhamini anayefanya kazi nje, tuseme Maskati, na anayetaka kurudi na mkewe asidhani mshahara wa Maskati unatosha peke yake. Anatakiwa pia aonyeshe ajira inayomsubiri Uingereza, itakayoanza ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, yenye kufikia kima hicho. Asiyekuwa nayo hutegemea njia nyingine, kama akiba.

Hayo wengi wenu mnayajua, nami sitayarefusha. Nimekuja kusema juu ya majina.

Tatizo la majina

Kwa miaka kumi na minne nimeshika mafaili ya wanandoa, na yanayonikosesha usingizi si yale ya kipato. Kipato kikikosekana, mtu husubiri akipate. Jina likipishana, mtu hana hata pa kuanzia.

Nichukue mwombaji mmoja, tumwite Hadija, mzaliwa wa Muheza, anayeishi Maskati na mumewe. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija Hamisi. Cheti cha shule, Khadija Hamisi Salimu. Pasipoti, Khadija Khamis Salum. Cheti cha ndoa, Hadija binti Hamisi. Sisi tuliomo humu tunamwona mtu mmoja. Afisa anayefungua faili Uingereza hamjui Hadija, hakulelewa na lugha yetu, na ana haki ya kuuliza ni wanawake wangapi hawa.

Hakuna aliyedanganya. Kila karani aliandika alichosikia. Bara tunaifanya kh kuwa h na kufunga neno kwa irabu, tunapata Hamisi na Saidi. Zanzibar wanaandika Khamis na Said. Fatuma na Fatma, Salimu, Salim na Salum: kila tahajia ni halali mahali pake. Kosa ni kumbebesha mtu mmoja zote kwa pamoja, kila ofisi ikimwongezea yake bila kutazama iliyotangulia.

Kisha kuna jina la tatu. Kwetu mtoto hufuata jina la baba, kisha la babu. Baba ni Hamisi Salimu Juma, binti ni Hadija Hamisi Salimu. Fomu ya Uingereza inataka jina la ukoo, na jina la mwisho ndilo linaloingia hapo. Basi baba anakuwa Juma na bintiye Salimu, na mjukuu ataitwa lingine tena. Kwa msomaji wa mbali hawa hawana undugu. Mke Mwislamu kwa kawaida habadili jina anapoolewa, lakini nimekuta vyeti ambavyo mfungishaji, kwa nia njema kabisa, amemwandikia bibi harusi jina la mumewe, na pasipoti haikubadilika.

Huko nje, mbali na ofisi ya wilaya, ndipo tatizo linapouma. Hadija alimpa kaka yake uwakilishi ili afuatilie marekebisho ya cheti cha kuzaliwa. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimrudisha mara tatu: kwanza ilitaka kadi ya kliniki, kisha kiapo cha mzazi, kisha ikasema kiapo kile kimetaja tahajia ambayo haimo kwenye daftari. Bila shaka haimo! Ndiyo tahajia iliyoombwa iingizwe. Miezi ikapita. Ofa ya kazi ya mumewe huko Uingereza ilikuwa na tarehe ya kuanza, na tarehe ile haikungoja.

Katika dhiki kama hiyo watu hufanya moja ya mambo mawili. Wapo wanaorundika viapo: kimoja Dar es Salaam, kingine Tanga, kila kimoja na maneno yake, hadi viapo vyenyewe vinapingana. Na wapo wanaoambiwa na mtu wa mtaani kwamba cheti kipya kinapatikana kwa siku mbili. Hili nalisema bila kupunguza ukali. Hati ya kughushi ikigundulika, maombi yanakataliwa, na mwombaji anaweza kufungiwa miaka 10. Aliyekuwa na ndoa ya kweli na jina la kweli anageuka mdanganyifu kwa sababu ya herufi moja.

Tukumbuke na fedha. Ada ya maombi nje ya Uingereza ilifika pauni 1,938 Aprili 2025, na mchango wa huduma za afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, yaani 3,105 kwa viza hii. Maombi yakikataliwa, mchango wa afya hurudishwa. Ada hairudi.

Mapendekezo

Wafungishaji ndoa, kabla hamjafungua daftari ombeni pasipoti au kitambulisho cha taifa (NIDA) na mwandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo. Msiandike mnavyomwita msikitini au kanisani. Msimbadilishie bibi harusi jina ambalo hajaliomba. Na ndoa ipelekwe kusajiliwa kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka. Wanandoa wengi wanafika Maskati na cheti cha msikiti tu, wakidhani kinatosha.

Maofisa usajili, nasema kwa heshima, kwa kuwa najua mnavyozidiwa na kazi: mwombaji aliye nje apewe orodha kamili ya mahitaji mara moja, kwa maandishi, siku ya kwanza. Anayeomba tahajia irekebishwe asidaiwe ushahidi kwamba tahajia mpya tayari imo kwenye daftari.

Wasaidizi wa kisheria, kiapo kiwe kimoja. Kitaje tahajia zote, kila moja na hati inakotoka, na kieleze kwa sentensi mbili desturi yetu ya jina la baba na babu. Msidhani afisa anaijua. Asiyetaka kiapo bali anataka kubadili jina kweli, asajili hati ya kubadili jina, kisha pasipoti ifuate.

Watafsiri, msisahihishe. Cheti kikisema Hadija, tafsiri iseme Hadija. Tafsiri iwe na tarehe, jina kamili, saini, mawasiliano yenu na tamko kwamba ni sahihi.

Wanandoa wenyewe, tandazeni hati zote mezani kabla mdhamini hajasaini mkataba wa kazi, kwa sababu miezi 3 ile ya kuanza ajira haitoshi kurekebisha cheti cha Muheza kutoka Maskati. Anayepanga kuoa au kuolewa mwaka huu aanze na jina kabla ya ukumbi. Narudia kwa mashehe na wachungaji: pasipoti kwanza, kalamu baadaye.

Naomba Mwenyekiti aruhusu fomu ya mfano ya kiapo, niliyoiambatisha, ijadiliwe katika vikundi mchana huu, na kila wilaya iondoke na nakala.