Matembezi na Watoto Wadogo Jijini Nakuru: Mwendo Uwe wa Mtoto

(Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa watoto wa chini ya miaka sita)



Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ni jiji lililoegemea mlima: kaskazini kuna Menengai, kusini kuna ziwa. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kuviona vyote viwili. Hata hivyo, wapo watoto wa Bondeni, Section 58 na Lanet ambao huingia Gredi ya Kwanza bila kuufikia mlima wanaouona kila asubuhi wakienda chekechea.

Sababu inayotajwa kwanza ni pesa, na ni kweli pesa ni ngumu. Lakini ipo sababu nyingine. Matembezi hupangwa kwa kipimo cha mtu mzima: gari, siku nzima, nyama choma, picha nyingi. Mtoto wa miaka mitatu hana haja na siku nzima. Anataka saa mbili tu, mahali anapoweza kushika vitu kwa mikono yake, na mtu mzima ambaye simu yake iko mfukoni.

Kwa umri huo, mahali pazuri pa kuanzia si mbuga. Ni Hyrax Hill, kilima kidogo kilicho kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, kabla ya kutoka jijini. Jina lake limetokana na pimbi, wanyama wadogo wanaopenda kuota jua juu ya mawe. Mtafiti Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka wa 1937 na kukuta makaburi na mabaki ya makazi ya watu walioishi huko zamani sana. Leo kuna makumbusho madogo ndani ya nyumba iliyokuwa ya mkulima, na njia fupi ya kupanda kilima ambayo hata miguu mifupi inaiweza, mradi mzazi asiwe na haraka.

Kitu ambacho watoto hukipenda zaidi hapo ni bao lililochongwa kwenye mwamba wenyewe. Vishimo vimepangwa kwa safu, na mtoto haitaji kuelezwa mengi. Atatafuta kokoto, ataanza kuzitia kimoja kimoja na kuhesabu. Mzee aliyekua akicheza ajua au bao nyumbani ana kazi ya kufanya hapo kuliko mwelekezi yeyote. Aachiwe nafasi. Mzazi anayemvuta mtoto aache kokoto aende akaone vyungu ndani ya kabati la vioo anampotezea kilichomleta.

Menengai ni jambo jingine, na hapa pana haja ya kusema wazi. Kilele chake kina mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 400 juu ya katikati ya jiji. Upepo wa huko ni mkali na baridi hata siku ambayo mjini kuna jua, kwa hivyo sweta na kofia si mapambo. Kutoka kwenye ukingo, mtu anaona shimo kubwa la volkano lenye upana wa kilomita kadhaa, na ndani yake mvuke mweupe ukipanda. Mtoto atauliza, “Nani anapika?” Jibu la kweli linatosha: chini ya ardhi kuna mawe ya moto yanayochemsha maji, na watu wamechimba visima ili mvuke huo utumiwe kutengeneza stima.

Ukingo huo unaanguka mita mia kadhaa. Si mahali pa kukimbizana, wala pa kucheza mpira. Utaratibu uwe mmoja, usiobadilika: kila mtoto wa chini ya miaka mitano ashikwe mkono na mtu mzima mmoja, na mtu mzima huyo asishike mtoto wa pili. Familia yenye watoto watatu na mzazi mmoja isubiri hadi ipate shangazi, mjomba au jirani wa kuisindikiza. Hatari kubwa hutokea wakati wa picha, pale mzazi anapoachilia mkono ili arudi nyuma hatua mbili. Picha ipigwe mbali na ukingo, mlima ukiwa mgongoni. Ukungu ukishuka, safari imekwisha, hata kama ndiyo kwanza mmefika.

Kuna pia suala la usafiri. Wengi hupanda Menengai kwa bodaboda, mama akiwa na mmoja mgongoni na mwingine amekaa mbele kwenye tangi. Sheria inamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu. Barabara ya mlimani ina vumbi na kona, na nauli inayookolewa hapo ni ndogo mno. Familia tatu au nne za ploti moja zikichangishana kukodi matatu, kila mmoja atalipa kidogo na watoto watapata wenzao wa kucheza kalongolongo mahali pa tambarare chini ya miti.

Mbuga ya Ziwa Nakuru ndiyo maarufu, lakini kwa mtoto mdogo ndiyo ngumu. Ina ukubwa wa kilomita 188 za mraba, na wageni hukaa ndani ya gari isipokuwa mahali palipotengwa. Saa moja baadaye mtoto amechoka dirisha na anataka kukojoa. Kwa upande mwingine, kwa mtoto asiyeweza kutembea, hapa ndipo pazuri kuliko kote: faru na twiga huonekana bila yeye kushuka. Ada hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo lipeni kabla ya kutoka nyumbani. Wala msimwahidi mtoto flamingo. Maji ya ziwa yaliongezeka sana kuanzia miaka ya 2010, chumvi ikapungua, na wengi wa ndege hao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Hurudi na kuondoka wapendavyo. Mwahidini nyani, hao hawakosekani, ila chakula kisionekane, maana nyani haombi.

Mkoba uwe na maji, uji kwenye thamosi, leso mbili, nguo za kubadilisha na mfuko wa kitambaa wa kurudishia nepi na taka. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya umma, kwa hivyo maji yawekwe kwenye chupa ya kudumu.

Na mwezi ambao nauli haipo? Nyayo Gardens iko katikati ya mji, ina nyasi na miti, na mtoto anayefuata siafu kwa nusu saa hajui kwamba hajalipiwa kiingilio.

Msimu wa mvua ndefu, tokeni asubuhi na mapema, kwa sababu mawingu hukusanyika juu ya Menengai mchana. Kufikia saa sita muwe mmeshaanza kurudi. Mtoto akilala njiani, mwacheni alale. Maswali yake yatakuja jioni, wakati wa kuoga, na hapo ndipo mtajua alichokiona.