Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Wanasesere Wetu na Cherehani ya Mwenzetu



Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha siku ya leo. Tulianza mwaka 2015 tukiwa kina mama 18 chini ya mwembe, tuna sanduku moja la bati lenye kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Hisa ilikuwa shilingi 1,000. Habari za hisa na gawio mweka hazina amezieleza vizuri katika kitabu hiki. Sisi tumeona leo tuseme habari ya wanasesere, kwa sababu kila mgeni akifika mezani kwetu anauliza: hawa watu wadogo mmewapata wapi?

Wanasesere si jambo geni kwetu. Sisi watu wa Pwani tunamjua mwana hiti wa Wazaramo, aliyechongwa kwa mti, anayepewa mwali akiwa ndani. Lakini hawa wetu wanatengenezwa kwa udongo wa polima. Huu si udongo wa kuchimba. Ni aina ya plastiki laini iliyotiwa rangi, unaukanda kama unga wa chapati. Ukiuanika juani haukauki ng'o. Mpaka uokwe, kwa moto wa nyuzi kama 130 hivi, kufuatana na maelezo ya pakiti. Moto ukipungua, mkono wa mwanasesere unavunjika. Moto ukizidi, udongo unaungua na kutoa moshi wenye sumu.

Hilo la moto tulilijua kwa hasara. Mwaka 2018 mwenzetu mmoja alikopa shilingi 300,000 akanunua udongo huo, ambao unatoka nje na bei yake ni kubwa. Oveni hakuwa nayo. Akaoka kwa sufuria na mkaa, kama tunavyooka keki, na mkaa hauna kipimo. Wanasesere wote waliungua wakawa weusi. Nyumba ilijaa moshi mchungu, watoto wakatolewa nje wanakohoa.

Miezi mitatu ikapita hajarejesha kitu. Jamani, leo ni siku ya furaha, lakini ukweli tuuseme. Sisi viongozi tulifungua katiba, tukasoma kifungu cha dhamana, tukaenda nyumbani kwake tukachukua cherehani yake. Majirani wanatazama. Tuliona tunalinda fedha za wanachama, na kweli zilikuwa fedha za wanachama. Lakini cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Tulimdai fedha, halafu tukamnyang'anya chombo cha kuzitafutia.

Hakuacha kuja mkutanoni. Alikuwa ananunua hisa moja, anakaa nyuma, hasemi. Siku moja akaja na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na chumba. Kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mkaa, ndoo, khanga imetundikwa ukutani, na mama amekaa juu ya kigoda, mikono ipo mapajani. Alimtengeneza kwa udongo uliobaki, akaomba kuoka kwa mtu mwenye oveni ya umeme. Chini ya dirisha hapakuwa na kitu, ila alama nne sakafuni.

Tukamuuliza, huyu nani? Akasema: "Huyu ni fundi wa nguo. Ana wateja wawili wa sare za shule, ameshawala fedha za awali. Kila wakibisha hodi anajifanya hayupo." Tukauliza, na hizo alama? Akajibu: "Hapo palikuwa na cherehani."

Kimya kikatanda. Yeye mwenyewe asingeweza kutuambia maneno yale. Mwanasesere alimsemea.

Wiki iliyofuata tulipiga kura. Cherehani ikarudi, deni likagawanywa miezi kumi, na katiba ikabadilishwa: chombo cha kazi cha mwanachama hakichukuliwi. Si wote waliokubali. Wawili walijitoa, na mwaka ule gawio lilikuwa dogo. Deni alilimaliza mwezi wa tisa.

Sasa kina mama saba wanafanya kazi hii. Tumenunua oveni ndogo na kipimajoto, na oveni hiyo haipikiwi chakula kabisa. Kipimo chetu ni futi moja kuwa inchi moja, kwa hiyo mama wa futi tano anakuwa inchi tano. Tumeambiwa kuwa Uingereza ipo nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyomalizwa mwaka 1924 kwa kipimo hiki hiki, ina taa za umeme na maji ya bomba. Ya kwetu ina foleni ya ndoo bombani.

Kila mwanasesere anauzwa na kadi ya maisha yake. Yupo muuza maandazi anayesomesha mjukuu. Yupo bibi anayengoja barua ya mwanawe. Kabla ya kuandika kadi tunakaa tunaulizana: ana deni? Analala saa ngapi? Nani anamsaidia? Hapo ndipo tunapojuana. Mama akisema "mwanasesere wangu huyu halali usiku," tunajua jioni twende kwake.

Hatujatajirika kwa kazi hii. Imelipa ada, imeezeka mabati nyumba mbili, basi. Lakini boksi lile la viatu hatuliuzi, hata mgeni akitoa bei gani. Linakaa juu ya sanduku la fedha kila mkutano, ili atakayeshika uenyekiti baada yetu aone zile alama nne kabla hajafungua katiba.