Emanuel Celler: Karibu Miaka Hamsini Bungeni

Tunapotafakari wajibu wa mbunge mbele ya wale waliomtuma, tumeona vema kuwaletea habari za Emanuel Celler wa Brooklyn, katika jiji la New York. Alizaliwa mwaka 1888, akawa mwanasheria, akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1922. Alitoka humo Januari 1973.

Alikuwa bado mgeni bungeni wakati sheria ya mwaka 1924 ilipopitishwa ili kuwapima wahamiaji kwa asili yao. Waingereza na Wajerumani walifunguliwa mlango; Waitaliano na Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walibaniwa; Waasia karibu wote walikataliwa. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza, ilipangiwa nafasi 100 kwa mwaka. Celler, ambaye wazee wake nao walikuwa wahamiaji, alisimama kuipinga, akashindwa. Hakuiacha hoja hiyo kwa miaka 41. Tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini chini ya Sanamu ya Uhuru sheria inayobeba jina la Celler na la Seneta Philip Hart, na kipimo cha asili kikafutwa. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo iliwawekea kikomo, kwa mara ya kwanza, wahamiaji wa kutoka nchi jirani za Amerika.

Nguvu zake zilitokana na uenyekiti wa Kamati ya Sheria, alioushika kuanzia 1949 hadi 1973, isipokuwa miaka miwili. Mwenyekiti aweza kuuharakisha muswada, aweza pia kuulaza kabatini. Muswada wa haki za raia, uliokusudia kukomesha ubaguzi wa rangi hotelini, mikahawani na kazini, ulizuiliwa mwaka 1963 na mwenyekiti wa kamati nyingine, Howard Smith wa Virginia. Celler akaanza kukusanya saini za wabunge ili kuutoa kwa nguvu. Kabla saini hazijatimia, Smith alilegea. Februari 1964 Baraza liliupitisha kwa kura 290 dhidi ya 130.

Lakini tusimpake mafuta mtu huyu. Pendekezo la kuingiza usawa wa wanawake katika Katiba alilifungia katika kamati yake mwaka baada ya mwaka, bila hata kulisikiliza. Mwaka 1970 mbunge Martha Griffiths alikusanya saini 218 na kulitoa mikononi mwake, kwa njia ile ile aliyoitumia yeye dhidi ya Smith! Sisi tunaona jambo hilo linatufundisha zaidi kuliko ushindi wake wote: aliyeijua dhuluma ya mlango uliofungwa aliufunga wa wengine. Tena aliendelea kuwa na ofisi ya uwakili akiwa mbunge, na wakosoaji walihoji iwapo mtu aweza kutunga sheria na kupokea ada za wateja kwa wakati mmoja.

Juni 1972, katika kura za mchujo za chama chake, alishindwa na Elizabeth Holtzman, mwanasheria wa miaka 30, kwa kura zipatazo 600. Hakuwa amemhesabu kuwa tishio. Mwaka 1974, Kamati ya Sheria ilipojadili mashtaka dhidi ya Rais Nixon, Holtzman alikuwa miongoni mwa wajumbe wake.